Kuhamia Njombe na mtoto mwenye selimundu

Mume wangu alipopata kazi Njombe, kwenye kampuni moja inayonunua parachichi za wakulima, niliowaambia kabla hata ya ndugu zangu ni wanawake wenzangu wa benchi la kliniki ya selimundu (siko seli) pale hospitali ya Bugando, Mwanza. Benchi lile tumelikalia miaka. Tunaitana kwa majina ya watoto, tunajua nani wa kwake kaongezewa damu mwezi uliopita na nani kafiwa. Nilipotamka Njombe, mmoja alishika mdomo. Mwingine, amenizidi umri kidogo, akasema bila kuzunguka: "Mama, mwache mtoto kwa bibi yake Magu, nyie nendeni. Huko mtamzika." Sikumkasirikia. Kila mzazi wa pale anajua usiku wa baridi unaleta nini, na yeye alishamzika wa kwake.

Hatukumwacha. Tuko Njombe, kipupwe cha pili kinaelekea kuisha, mtoto yuko darasa la tatu na Kibena cha mtaani anakiongea vizuri kuliko Kisukuma. Tangu tuhame napigiwa simu na wazazi wa Mwanza, Geita, hata Sengerema. Mmoja kahamishiwa Makete kikazi, mwingine ndugu wanamwita Arusha, kuna dada ambaye mumewe kapata masomo London. Wote swali lao ni moja: baridi si itammaliza mtoto? Kwenye simu huwa najibu nusu nusu maana vocha inaisha, kwa hiyo hapa nitaeleza yote.

Baridi ya kwanza kumwangusha mwanangu ilikuwa ya ziwani. Tulikuwa tunaishi Kirumba, karibu na mwalo. Alikuwa na miaka mitano, siku ya jua kali, binamu zake wakamchukua kwenda kuoga. Walirudi jioni upepo umeshaanza kuvuma kutoka majini, yeye bukta imelowa na meno yanagongana. Usiku wa manane miguu ikaanza. Hakupiga kelele. Alikuwa ameuma kona ya shuka na jasho linamtoka usoni. Tulimpakata kwa zamu mimi na baba yake, kulipokucha tukawa Bugando, dripu mkononi na mofini.

Daktari wa zamu siku ile alikuwa na subira, akanichorea kwenye karatasi. Ngozi ikipigwa na baridi, mishipa midogo ya damu inajibana ili mwili usipoteze joto. Kwangu na kwako hakuna neno. Kwa mwenye selimundu, chembe nyekundu zikikaa muda mrefu kwenye njia nyembamba zinaishiwa oksijeni, zinajipinda, zinakuwa ngumu, zinaziba. Palipozibwa hapapati damu, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Kama mtoto hajanywa maji ya kutosha, mambo yanaharibika haraka zaidi. Nilitoka pale na jambo lililonifaa Njombe kuliko sweta lolote: kinachomdhuru ni mwili kupoa na kubaki umepoa, iwe Njombe asubuhi ya umande au Kirumba kwenye nyuzi 28.

Kwa hiyo hofu yangu kubwa ya kuhama, nikiitazama sasa, niliielekeza kwenye kipimajoto wakati ugumu wenyewe ulikuwa mahali pengine.

Sisi wa Kanda ya Ziwa ugonjwa huu tunaujua kwa sababu ni wetu. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na watoto wachanga wa kanda yetu walipopimwa, karibu mmoja kati ya watano alikutwa na kinasaba chake bila mwenyewe kuumwa. Sababu ni malaria. Aliyerithi kinasaba kimoja tu haugui selimundu, na malaria kali haimpati kirahisi, ndiyo maana kizazi hadi kizazi kinasaba hicho kimedumu palipo na mbu. Aliyerithi viwili, kwa baba na kwa mama, ndiye mgonjwa, na huyo malaria haimhurumii hata kidogo. Mimi na mume wangu tunacho kimoja kimoja. Kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa; dada yake alipita salama, yeye hakupita.

Sasa unapanda nyanda za juu, ambako mbu ni wa kutafuta. Unaiacha malaria nyuma, na pamoja nayo unawaacha watu wanaoujua ugonjwa wa mwanao. Mwanza nilikuwa nikiingia mapokezi nesi anamtazama macho ya manjano, anasema "huyu wa selimundu, pita ndani." Hata bodaboda wa kijiweni kwetu alijua nikimwita usiku hatuongei bei. Njombe ilibidi nianze kueleza upya kwa kila mtu: nesi, mwalimu, mwenye nyumba, mama wa duka. Wengine waliona macho yale wakadhani homa ya ini, na mmoja akawakataza watoto wake kucheza naye. Hilo ndilo lililonichosha kuliko baridi.

Kabla ya kuondoka nilimwomba daktari wetu wa kliniki aniandikie barua ya ukurasa mmoja. Si faili, maana faili la miaka yote ile hakuna atakayelisoma saa nane usiku. Ndani ya barua iandikwe aina ya ugonjwa, kundi la damu, dawa anazotumia na vipimo vyake, chanjo alizopata, ameshaongezewa damu lini, na wingi wa damu (hemoglobini) wake wa siku zote akiwa mzima. Hili la mwisho usilisahau hata ukisahau mengine. Wa kwangu anakaa kwenye 7.4. Kwa mtoto mwingine hiyo ni hali ya kulazwa. Kwake ndiyo Jumatatu ya kawaida. Chini kabisa daktari akaandika mambo ya kukimbilia hospitali bila kusubiri kesho: homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kifua kuuma au kupumua haraka, kupauka ghafla, tumbo kuvimba, upande mmoja wa mwili kulegea. Nilipeleka stationeri ikawekewa plastiki, nakala moja kwenye mkoba wangu, moja kwa baba, moja shuleni, na picha kwenye simu.

Tulimfanyia pia kile kipimo cha kuangalia kasi ya damu kwenye mishipa ya kichwani, kinachoonyesha kama mtoto yuko kwenye hatari ya kiharusi. Ni kipimo cha kila mwaka, hakiumi, na si kila hospitali ya mkoa inacho. Ukihama bila kukifanya unaweza kukaa muda mrefu kabla hujakipata tena. Haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu, tuliomba ya miezi mitatu, na foliki, vidonge vya kusaidia mwili kutengeneza damu, vilevile, kwa sababu hatukujua duka gani la dawa huko lingekuwa nayo. Haidroksiyurea inahitaji kupima damu mara kwa mara, kwa hiyo uliza mapema maabara ya unakokwenda inapima picha kamili ya damu au mashine yake imeharibika tangu mwaka juzi.

Daktari aliniuliza swali ambalo mimi nisingelifikiria: Njombe mjini, au huko juu zaidi? Ziwa letu liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Njombe mjini ni karibu mita 2,000. Uwanda wa Kitulo, ule wa maua, unapita 2,600. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, oksijeni inapungua, na kwa mtoto huyu oksijeni ndiyo kila kitu. Akaniambia mjini mtazoea taratibu, wiki za mwanzo asikimbizwe na michezo, na hizo safari za kwenda kuangalia maua Kitulo mziache mpaka tuonane tena. Hatujaenda hadi leo. Picha tunaangalia kwenye simu.

Kampuni ilimtaka mume wangu Julai. Tulikubaliana aende peke yake, sisi tufuate Oktoba, jua likiwa limerudi. Miezi ile tulilipa kodi mbili na hatukuwa na fedha ya hivyo, niliuza friji. Kama una nafasi ya kuchagua mwezi, usimpeleke mtoto nyanda za juu Juni wala Julai. Mpe miezi ya kuzoea hewa kwanza, baridi aikute akiwa mwenyeji.

Kuhusu safari: tuligawanya, Mwanza hadi Dodoma tukalala, kesho yake Dodoma hadi Njombe kupitia Iringa. Mabasi mazuri yana kiyoyozi, na kiyoyozi cha basi ni baridi ya kutosha kumuumiza mtoto huyu kabla hajauona mlima. Kaa mbali na tundu lake, beba blanketi, si la kuweka kwenye buti. Lingine ni maji. Watu wengi safarini hawanyweshi watoto kwa kuogopa kusumbua konda. Mimi nilimfuata konda kabla ya kupanda nikamwambia mtoto wangu ana tatizo la damu, lazima anywe, kwa hiyo tutaomba kuchimba dawa mara nyingi kuliko wengine. Wa kwanza alikuwa muungwana. Wa siku ya pili alinuna mpaka Mtera, nikamwonyesha barua, akaacha kununa. Mafinga tulifika jua linazama, hapo ndipo nilipomvalisha kila kitu.

Nguo niliziandaa mwenyewe, maana mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na kibanda Mabatini. Niseme nilichojifunza kwa mkono: koti moja zito ni mtego. Mtoto anacheza, anatoka jasho ndani ya koti, jasho linapoa, na umemlowesha mwenyewe bila mvua. Bora nguo nyembamba tatu. Ya ndani kabisa fulana ya pamba inayobana mwili, unayoweza kuibadilisha mchana ikilowa. Juu yake flaneli. Ya nje iwe ya kuzuia upepo. Taitsi chini ya suruali. Soksi jozi mbili za akiba kwenye begi la shule kila siku, na mzula wa kufunika masikio. Glavu atazipoteza, nunua za bei rahisi, nyingi. Mitumba ya Njombe ina makoti mazuri ya watoto kwa bei ambayo Mwanza hupati, kwa hiyo usihangaike kununua kabla. Nilichohangaika nacho ni sweta la shule. Sare yao ni sweta jembamba la rangi moja na hawaruhusu jaketi juu yake. Nililifumua mshono wa ubavuni, nikaliwekea bitana ya flaneli kuanzia mabega hadi kiunoni, mikono nikaiachia ili ajikunje vizuri akiandika. Kwa nje huwezi kujua. Wazazi wa darasa lake walipojua, nikapata wateja. Ndivyo nilivyorudi kwenye biashara.

Nyumba. Mwanza tumezoea madirisha ya nyavu na bati bila dari, upepo upite. Njombe nyumba ya hivyo usiichukue hata kama kodi ni nusu. Tafuta yenye dari, madirisha ya vioo, na chumba cha mtoto kinachopigwa na jua la asubuhi. Tulilipa zaidi, na kwenye bajeti yetu ndipo pengo kubwa lilipokuwa, pamoja na gesi. Mtungi wa kilo 15 ambao Kirumba ulitusukuma miezi miwili na ushee, hapa hauzidi mwezi, kwa sababu maji ya kunywa unachemsha ya uvuguvugu, maji ya kuoga unachemsha, uji unachemsha.

Jirani yangu, mama wa Kibena ambaye kila asubuhi ananisalimia "kamwene" kabla sijafungua mlango vizuri, alitukaribisha kwa zawadi ya jiko la mkaa lililowaka, tuliweke chumbani usiku mtoto apate joto. Ndivyo wengi wanavyofanya. Nilimshukuru, nikalitoa nje alipoondoka. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa isiyoonekana wala kunuka, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na kila kipupwe inaua familia zilizolala. Kwa mtoto mwenye damu ya 7 na chembe zinazojipinda kwa kukosa oksijeni, hata kile kiasi ambacho mtu mzima ataamka nacho na kichwa kizito tu ni hatari. Moshi wa kuni nao unaumiza kifua, na kifua ndicho kinachoua watoto hawa. Baadaye nilimweleza yule mama kwa nini. Hakukasirika, ila sidhani kama ameacha kulala na jiko. Sisi tunatumia blanketi zilizoanikwa juani mchana, pazia lenye bitana, na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo mbili, inawekwa kitandani nusu saa kabla ya kulala kisha inatolewa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna aliyeniambia, na ambalo wazazi wanalionea haya. Mwanangu anakojoa kitandani. Ana miaka minane. Figo za watoto wa selimundu hazishiki maji vizuri, mkojo unatoka mwingi na mwepesi, na mwili unakauka upesi. Si uvivu wala udeko. Mwanza ilikuwa kero ya kufua tu: shuka inalowa, usiku una joto, asubuhi unaanika. Njombe mwezi wa Julai, saa tisa usiku, nje iko chini ya nyuzi 10, mtoto amelala kwenye shuka iliyolowa na haamki kukuambia kwa sababu anaona aibu. Kipupwe cha kwanza maumivu yake mengi yalianza alfajiri, na ilituchukua muda kuunganisha mambo hayo mawili.

Dawa inayokuja akilini ni kumpunguzia maji jioni, na shangazi zake wote walishauri hivyo kwa simu. Usifanye. Maji ndiyo yanayoifanya damu yake ipite. Na kwenye baridi tatizo la maji ni kubwa kuliko kwenye joto: Kirumba alikuwa anajinywea mwenyewe kwa kiu, hapa kiu haipo, anaweza kutoka asubuhi hadi jioni na kikombe kimoja cha chai. Nilichofanya ni kusogeza maji mengi yawe kabla ya saa kumi jioni, yote ya uvuguvugu. Anatoka na chupa ya chai ndogo yenye maji na ndimu kidogo. Akirudi nayo imejaa, tunazungumza. Uji wa ulezi, supu, maziwa, vyote vinahesabika. Usiku baba yake anamwamsha saa sita, mimi saa tisa. Chini ya shuka kuna nailoni nzito, juu yake blanketi la zamani, kisha shuka. Suti ya pili ya kulalia nailaza ndani ya blanketi langu, nikimbadilisha nguo ziwe na joto la mwili. Hakuna kumgombeza, hakuna kumtania mbele ya dada yake. Tulipoanza hivyo alfajiri zikatulia sana.

Kuoga ni saa nane mchana, jua likiwa kali, na anakaushwa akiwa bado chumbani. Akipata homa usimpanguse kwa maji ya baridi kama tulivyozoea. Akiumia mpirani mtu asimwekee barafu. Joto, si baridi.

Shule ilinikera. Mstari wa asubuhi unasimamiwa nje, na anayechelewa anaokota takataka kwenye majani yenye umande. Mwanangu alichelewa siku moja, aliokota, raba zikalowa, akakaa nazo darasani hadi saa sita. Usiku ule vidole vya miguu vilivimba. Nilipokwenda nikajibiwa, "Mama, hapa watoto wote wanasikia baridi." Nikaondoka kwa hasira, ila hasira haikunisaidia. Kilichosaidia ni kurudi siku nyingine na ile barua, nikaomba kukaa na mwalimu wa darasa peke yake. Kumbe naye hakuwahi kukutana na mtoto wa selimundu. Nilimshika mtoto mkono nikamwonyesha kucha zilivyo nyeupe na macho yalivyo manjano, nikamweleza kwamba haambukizi. Sikuomba upendeleo wa jumla. Niliomba vitu vinavyotajika: anywe maji darasani, aende chooni bila kuomba mara mbili, asisimame kwenye mstari asubuhi ya ukungu, akae dirishani upande wa jua, akilowa abadilishe soksi, na akisema anaumwa nipigiwe saa hiyohiyo. Yule mwalimu amekuwa mkono wangu wa kulia. Mwaka huu, kabla shule hazijafungwa, kwa ajili ya Siku ya Selimundu Duniani ya Juni 19, aliwafundisha darasa zima, na mwanangu akasimama mbele kuonyesha chupa yake ya maji.

Usiku mbaya kuliko zote ulikuwa mwezi Julai wa kipupwe chetu cha kwanza. Homa, kifua kinauma, anapumua juu juu. Tulikimbilia kituo cha karibu, tukampata tabibu kijana. Alipima damu, ikaja 7.2, akashtuka, akaanza kuandika aongezewe damu mara moja. Nikatoa barua. Akaisoma yote, akarudi mwanzo akasoma tena. Akaona kwamba 7.2 si mbali na kawaida yake, na kwamba cha kuangalia ni oksijeni. Akapima kidoleni, iko chini. Hapo akaacha habari ya damu, akampa antibayotiki na oksijeni, akapiga simu gari lije tuhamishiwe hospitali kubwa. Eksirei ilionyesha kifua kimeingiliwa. Damu iliandaliwa, haikuhitajika. Damu si dawa mbaya, inaokoa. Lakini kila chupa isiyo ya lazima ina madhara yake mwilini mwa mtoto atakayehitaji nyingine mbeleni, na namba peke yake, bila kujua kawaida ya mtoto, inaweza kumpeleka daktari kusiko.

Usiku ule kulikuwa na jambo la pili. Nesi alimpa parasetamoli tu, kwa sababu mtoto alikuwa kimya. Watoto hawa wamezoea maumivu, hawalii kama wengine. Wa kwangu akizidiwa ananyamaza, anajikunyata ukutani na hataki kuguswa. Ilibidi niseme kwa sauti: huyu akinyamaza ndiyo yuko pabaya, mpeni dawa ya nguvu. Mzazi usione haya kusema. Salimia kwanza, shikamoo ya mwenyewe ipate mwenyewe, kisha sema.

Mimi na mume wangu tuligombana sana kipupwe kile. Nilimwambia ameuza mtoto kwa mshahara. Yeye akaniambia mshahara ndio unaolipia bima na haidroksiyurea. Wote tulikuwa tunasema kweli, na haikusaidia.

Lakini naomba nitoe hesabu nzima, maana wanaonipigia simu wanauliza upande mmoja tu. Maumivu Njombe yameongezeka Juni hadi Agosti, hilo sifichi. Upande wa pili, tangu tufike hajaugua malaria. Kirumba, kila baada ya mvua, malaria ilikuwa inamshusha damu hadi 4, tunalala wodini tunatafuta wachangiaji, nawapigia wajomba na vijana wa mwaloni mmoja mmoja. Hapa bado hajaongezewa damu. Nikiulizwa kama ningerudia uamuzi ule, nasema ndiyo, kwa mtoto anayetumia haidroksiyurea vizuri na hospitali yenye oksijeni na eksirei iliyo karibu. Yule wa Makete anayeenda kijiji kilicho mbali na hospitali nilimwambia asiende na mtoto mpaka ajue usiku atafikaje hospitali, na kwa gari la nani. Yule wa London alishangaa nilipomwambia safari yake naiona nyepesi. Kule theluji inaanguka, kweli, lakini kila mtoto anayezaliwa Uingereza anapimwa selimundu, na madaktari wa London wanaiona kila siku. Atakachopambana nacho ni nguo na upweke.

Juni shule zikifungwa tunashuka Mwanza, sehemu ya kipupwe inapita tukiwa kwenye joto. Safari hiyo ina masharti yake, na watu huyasahau kwa furaha ya kurudi nyumbani. Mtoto aliyekaa Njombe mwaka mzima anarudi kwa mbu bila kinga aliyoizoea, kwa hiyo dawa ya kuzuia malaria anaanza kabla ya kupanda basi kama kliniki inavyoelekeza, na chandarua tunabeba chetu, maana cha kwa bibi kina matundu na bibi hataki kusikia hivyo. Wiki ya kwanza tunakwenda Bugando: kliniki, kipimo cha kichwa, dawa za miezi mingine, na barua mpya, kwa sababu wingi wa damu na uzito vimebadilika. Ziwani anakwenda na binamu zake. Saa saba mchana, si jioni, nusu saa, na mimi nimesimama ufukweni na taulo na nguo kavu, wananicheka wote.